Uzi: Unahama nchi na mbwa au paka wako? Anza na chipu, tiketi iache kwanza

Mpakuzi wa Kipawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni klirensi ya mizigo pale uwanja wa Julius Nyerere. Napitisha samaki, mboga, vipuri, majeneza, na siku hizi wanyama wa nyumbani wanaohama na wenyewe. Mzigo wa wanyama ni mdogo ila ndio unaonipigisha simu usiku. Na simu yenyewe karibu kila mara ni ile ile: "Kaka, nasafiri Alhamisi ijayo, tiketi ninayo, mbwa wangu tunamfanyaje?"

Alhamisi ijayo mbwa haendi popote. Ataenda baada ya miezi minne au mitano, tena ukianza leo. Watu wakipata uhamisho wa kazi, ndoa au masomo wanauza gari, wanarudisha funguo za nyumba, wanaagwa kanisani na msikitini, halafu wiki ya mwisho ndiyo wanamkumbuka paka. Ndiyo maana nimeona niandike.

La kwanza kulielewa: anayeweka masharti ni nchi unayokwenda. Tanzania inakupa kibali cha kumtoa mnyama na cheti cha afya. Kinachotakiwa kuandikwa kwenye hicho cheti wanakiamua wao huko. Kwa hiyo mtu akikuambia "mwenzangu alipita na kadi ya chanjo tu", muulize alikuwa anakwenda wapi na mwaka gani.

Na wote huko wanachoogopa zaidi ni kimoja, kichaa cha mbwa. Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi za nje zinazopunguziwa masharti. Sisi hatumo, Kenya haimo, Mauritius imo. Mbwa wako hata awe analala kwenye kiyoyozi Masaki, kwao ametoka nchi yenye kichaa.

Nitaeleza ya Ulaya kwa urefu, maana ukishayaelewa hayo mengine yote yanakuwa mepesi.

Unaanza na chipu. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kinadungwa chini ya ngozi maeneo ya shingo na bega. Hakina betri, hakikuonyeshi mbwa yuko wapi; kikipitiwa na mashine kinasoma namba yenye tarakimu 15, basi. Kiwe cha viwango vya ISO 11784 na 11785, la sivyo mashine za huko hazitakisoma. Na hapa ndipo watu wengi wanapoanguka: chanjo ya kichaa inahesabika pale tu ilipochomwa siku ile ile ya chipu au baada yake. Mbwa anaweza kuwa na kadi iliyojaa mihuri tangu akiwa mtoto, lakini kama chipu imewekwa mwezi uliopita, mihuri yote ya nyuma haina kazi. Anachomwa upya, mnaanza kuhesabu upya.

Baada ya chanjo (mnyama awe na wiki 12 au zaidi) zinapita siku 30, ndipo inatolewa damu ya kupima kingamwili za kichaa. Kiwango kinachotakiwa ni 0.5 IU kwa mililita au zaidi. Kipimo hiki hakifanyiki maabara yoyote tu, lazima iwe inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya. Sisi hapa damu tunaipeleka nje, mara nyingi Onderstepoort kule Afrika Kusini.

Damu ikishatolewa, unasubiri miezi mitatu kamili. Inahesabiwa kuanzia siku sindano ilipoingia kwenye mshipa. Siku majibu yalipofika haihusiki.

Tuweke tarehe ili tusibishane. Chipu na chanjo 5 Januari 2026. Damu, mapema kabisa, 4 Februari. Kuingia Ulaya, mapema kabisa, 4 Mei. Hapo hakuna aliyechelewa, hakuna majibu yaliyorudi mabaya, hakuna sikukuu iliyokatiza. Nikiambiwa mtu anaondoka Juni, namwambia wiki hii akamwone dokta.

Mwisho kabisa ni cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya, kinachosainiwa na daktari wa mifugo wa serikali ndani ya siku 10 kabla ya kufika. Kibali cha kumtoa mnyama nchini unakiomba Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Makao makuu yako Mtumba, Dodoma, ila huhitaji kupanda basi, maombi yanafanyika mtandaoni na unalipia kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Usisubiri siku 10 za mwisho ndiyo uanze kuuliza ofisi iko wapi. Nenda mapema ujitambulishe, uonyeshe makaratasi, wakuambie kinachokosekana.

Namba ya chipu ndiyo inayofunga kila kitu. Iko kwenye kadi ya chanjo, kwenye fomu ya maabara, kwenye cheti. Kuna mteja fomu yake ya maabara iliishia 36 wakati mbwa mwenyewe anasoma 63. Kwa mwenye mbwa ni kosa la kalamu. Kwa afisa wa Frankfurt huyo ni mbwa mwingine ambaye hajapimwa. Ilibidi maabara iombwe itoe cheti kipya, na ndege ikaondoka bila yeye. Kila mnapokwenda kwa dokta mwambie apitishe mashine, na wewe soma kwa sauti tarakimu moja moja huku mwingine akifuatisha kwenye karatasi.

Mambo ya kizimba nitashusha baadaye. Ulizeni.

Chawa Mstaafu

Yaani mbwa anapimwa damu Afrika Kusini, mimi malaria napima duka la dawa la Mangi. 😂 Naweka kigoda hapa.

Binti Tabata

Asante sana kaka. Mimi ni paka, jike, wa kuokota tu hapa Tabata Segerea. Naenda Ujerumani kwa mume wangu mwezi wa saba. Chanjo anachomwa kila mwaka na ya mwisho ni juzi juzi tu, ila chipu hana. Ina maana nimeliwa? Na je, naweza kukaa naye ndani ya ndege? Ni mwoga mno huyu, akisikia pikipiki anaingia nyuma ya friji.

Mpakuzi wa Kipawa

Dada, hujaliwa, una muda. Mchome chipu wiki hii na chanjo siku hiyo hiyo, hata kama ya juzi haijaisha. Dokta akikwambia "mbona bado inafanya kazi", mwambie mwilini inafanya kazi, kwenye karatasi ndiyo haifanyi. Sharti la damu na miezi mitatu ni lile lile kwa paka.

Kukaa naye kabini kunategemea shirika. Turkish Airlines, kwa mfano, wanapokea paka kabini kama uzito wake na mfuko hauzidi kilo 8 kwa pamoja. Ila nafasi za wanyama kwa kila ndege ni chache, kwa hiyo kabla hujalipa tiketi yako piga simu, uliza nafasi ya paka ipo, ikathibitishwe kwenye buking. Emirates usihangaike, kabini hawachukui paka wala mbwa wa kawaida. Mashirika ya Ghuba ukikaa nayo karibu yana vituko: kozi, ndege wa kuwindia wa matajiri, ana utaratibu wake wa kukaa kabini na abiria.

Kitu kingine: uwe naye safari moja, au mpishane kwa siku zisizozidi 5. Ikizidi hapo, sheria za Ulaya zinamhesabu kama mnyama wa biashara na makaratasi yanabadilika kabisa.

Dokta wa Wanyonge

Nakazia alichosema Mpakuzi, na niongeze ya upande wetu wa sindano.

Wanyama wanaoshindwa kipimo cha kingamwili wengi ni wale waliochomwa mara moja tu maishani. Kinga inapanda, kisha inashuka, na siku ya kutoa damu inakutwa chini ya 0.5. Mnyama ambaye hajawahi kuchanjwa mimi napendelea achomwe mara mbili kwa kupishana wiki kadhaa, ndipo damu itoke. Gharama ya sindano moja zaidi ni ndogo kuliko kurudia kipimo cha nje na kuanza kuhesabu miezi mitatu upya.

Damu yenyewe haipelekwi kama ilivyo. Tunaiacha igande, tunaizungusha kwenye mashine, tunachukua seramu, yale majimaji ya juu ya rangi ya manjano. Ikiwa nyekundu ina maana chembe zimepasuka, na maabara inaweza kuikataa. Kwa hiyo mlete mnyama asubuhi, katulia, hajakimbizwa mtaa mzima. Paka dada yangu mlete kwenye mfuko wenye zipu, si kwenye kikapu cha sokoni.

Jambo zuri ni kwamba kipimo kikishafaulu, kwa Ulaya kinaendelea kutambulika maisha yake yote mradi chanjo za marudio zisipitwe hata siku moja. Weka tarehe kwenye simu.

Halafu dawa za usingizi. Kila wiki kuna mtu anataka nimpe mbwa wake kitu cha kumlaza safarini. Sitoi. Miongozo ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ya kubeba wanyama hai haishauri, na mashirika mengi yakimwona mnyama amelewa dawa hayampakii. Dawa zinashusha presha na kuvuruga upumuaji, na kule kwenye shehena hakuna wa kumtazama. Mbwa anayehangaika kidogo yuko salama kuliko mbwa aliyezimika.

Kiboko ya Mtaa

Uzi wa mabepari huu. Mbwa koko wa Mbagala unamlipia mamilioni aende Ulaya, wakati huko huko Ulaya wanauza mbwa wenye ukoo? Mwache, nunua mwingine ukifika.

Mpakuzi wa Kipawa

Mkuu, kwenye fomu zote nilizojaza hakuna kipengele kinachouliza ukoo. Tena huyo wa Mbagala ndiye abiria mzuri. Wanaonisumbua ni wale wa pua bapa, pagi na buldogi, waliolipiwa pesa nyingi Oysterbay. Njia zao za hewa ni finyu, joto likipanda wanashindwa kupumua, na mashirika mengi hayawachukui kabisa kwenye shehena, au hayawachukui miezi ya joto. Januari hapa Dar, mchana, kwenye lami ya uwanja, hata mimi mwenye pua ya kawaida natafuta kivuli. Mbwa wa kienyeji ana pua ndefu, nywele fupi, hana makuu. Anapita.

Pesa ni ya mtu na mbwa ni wa mtu.

Mama wa Kijitonyama

Kijana wangu yuko Leicester, mjukuu anamlilia mbwa wao tuliyebaki naye hapa. Nimeambiwa Uingereza wamejitoa Ulaya kwa hiyo ni rahisi zaidi. Ni kweli baba?

Mpakuzi wa Kipawa

Shikamoo mama. Hapana, si rahisi zaidi. Chipu, chanjo, damu baada ya siku 30, miezi mitatu, vyote vipo. Wameongeza mawili. Mbwa lazima apewe dawa ya minyoo ya tegu na dokta, ikaandikwa na saa yake, kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika. Na kwa ndege mnyama haingii Uingereza kabini wala kama begi la abiria. Anaingia kama kago, kwa njia zilizoidhinishwa tu. Akitua Heathrow anapelekwa kituo chao cha kupokea wanyama na anakaa hapo mpaka makaratasi yakaguliwe. Pia kuna forodha: kijana wako aulize mapema kuhusu msamaha wa kodi kwa anayehamia, vinginevyo atadaiwa ushuru wa mbwa wake mwenyewe.

Lingine mama, kama hakuna wa familia anayesafiri ndani ya zile siku 5, anahesabiwa kibiashara. Labda kijana aje likizo waondoke pamoja, au wewe mwenyewe uende ukamwone mjukuu.

Mbwa ni wa aina gani? Wana aina walizopiga marufuku: Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino, Fila Brasileiro, na XL Bully tangu juzi juzi.

Mama wa Kijitonyama

Marahaba. Ni mbwa wa kawaida tu, mweupe ana doa jicho moja. Nitamwambia aje mwezi wa kumi na mbili.

Mzee wa Ukonga

Nyie wote mnaongelea ndege. Mimi naenda Nairobi kwa gari langu, nina mbwa wawili wa ulinzi, nahamisha biashara. Afrika Mashariki si ni moja? Nikipita nao Namanga kimya kimya kuna neno?

Dereva wa Longido

Mzee wangu shikamoo. Usipite kimya kimya, utapoteza siku mpakani. Nilivuka hapo na jamaa mwenye mbwa, nikaona yote. Kenya wanataka kibali chao cha kuingiza, kinatolewa na Kurugenzi yao ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete, na unakiomba kabla hujatoka Dar. Huku kwetu unachukua kibali cha kusafirisha na cheti cha afya, pamoja na kadi ya chanjo ya kichaa isiyoisha muda. Pale Namanga kituo ni cha pamoja, wa kwetu na wa kwao wako jengo moja, ila ukifika jioni afisa wa mifugo anaweza kuwa ameshatoka. Fika asubuhi.

Jamaa yangu yeye aliwafunga kamba fupi nyuma ya pikapu, wakafika Namanga ndimi zimetoka. Wewe simama Segera, simama Same, simama Moshi, wape maji, washuke wakojoe. Na karatasi uwe nazo kiti cha mbele, usije ukaanza kuvua turubai mbele ya afisa.

Mabasi sahau, mengi hayakubali mbwa, na anayekubali atamweka buti na masanduku. Buti ya basi kutoka Dar hadi Arusha ni tanuri.

Mzee wa Ukonga

Marahaba kijana. Kabete nitaanza kesho.

Pwani Raha

Hata Zanzibar msidhani ni kwenda tu bandarini na mbwa. Mambo ya mifugo si ya Muungano, Unguja wana wizara yao na utaratibu wao wa kibali. Mwenzangu alifika na mbwa bandarini hapa Dar, hana karatasi ya kule, akarudi naye Mtoni kwa bajaji.

Dokta wa Wanyonge

Na wana sababu. Pemba waliwahi kuumaliza kabisa ugonjwa huu, mwaka 2016 ukarudishwa kwa mbwa waliovushwa kutoka nje ya kisiwa, wakalazimika kuanza kuchanja upya. Mnyama mmoja asiyechanjwa kwenye mashua anatosha.

Mtoto wa Mjini 3

Marekani je? Mwenye kujua. Na jamaa yangu anaenda Johannesburg.

Mpakuzi wa Kipawa

Marekani walibadilisha sheria Agosti 2024. Mbwa chini ya miezi 6 haingii, awe wa nani. Tanzania iko kwenye orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo mbwa aliyechanjwa huku anahitaji chipu, fomu ya mtandaoni ya CDC (taasisi yao ya kudhibiti magonjwa), fomu ya chanjo na chipu iliyosainiwa na daktari wa serikali, kipimo cha damu, na nafasi iliyolipiwa kwenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa na CDC. Vituo hivyo viko kwenye viwanja vichache tu, kama JFK (New York) na Dulles (Washington). Ukitua kwingine unageuzwa. Damu itolewe angalau siku 30 baada ya chanjo ya kwanza na angalau siku 28 kabla ya kuingia. Asiye na kipimo halali anakaa karantini siku 28, kwa gharama yako. Paka hawahusiki na sheria hiyo ya CDC, ila jimbo na shirika la ndege wanaweza kuwa na lao.

Johannesburg watu wanapadharau kwa kuwa ni Afrika. Mbwa wanapimwa magonjwa matano kwenye damu: Brucella canis, Trypanosoma evansi, Babesia gibsoni, minyoo ya moyo na Leishmania. Unahitaji kibali chao kwanza, na mbwa anaingia kama kago. Kwa mbwa wa huku aliyekulia kwenye kupe, anza na dokta mapema ajue hali ya damu yake kabla hujalipa kitu chochote.

Australia hawampokei moja kwa moja kutoka nchi isiyo kwenye orodha yao, na sisi hatumo. Lazima akaishi kwanza nchi nyingine iliyoidhinishwa, halafu karantini Mickleham, Melbourne. Mtu akiniuliza Australia namuuliza mbwa ana umri gani. Akiwa mzee namshauri atafute ndugu mwenye uwanja mkubwa Bagamoyo au Kibaha, na si kwa sababu ya pesa.

Kasuku wa Tandika

Mimi nina kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Anasalimia "hodi hodi" na anaigiza honi ya daladala. Je?

Mpakuzi wa Kipawa

Huyo ni habari nyingine kabisa mkuu. Kasuku wa kijivu yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 2017, daraja la juu kabisa la ulinzi. Unahitaji vibali vya CITES vya pande zote mbili, anakotoka na anakokwenda, na huku wa kumwona ni Idara ya Wanyamapori, Wizara ya Maliasili na Utalii. Swali lao la kwanza litakuwa ulimpata wapi na una karatasi gani. Kama huna jibu, usimlete uwanjani. Kobe pia, wale wa uani, nao wako chini ya CITES.

Kasuku wa Tandika

Basi abaki kwa shangazi.

Mpakuzi wa Kipawa

Sasa kizimba, niliahidi.

Kuna mteja alileta kizimba kutoka Keko. Mninga mtupu, kimepigwa vanishi mpaka unaona uso wako, kona zimechongwa maua kama kitanda cha harusi. Fundi alijituma. Kwenye kaunta ya kago kikakataliwa dakika hiyo hiyo, kwa sababu tatu. Mbao ghafi zisizochakatwa zikivuka mpaka lazima ziwe zimetibiwa na kupigwa muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, na mninga wa Keko hauna muhuri. Hewa ilikuwa mbele tu, wakati safari ya kimataifa inataka matundu pande zote nne. Na mbwa alipoingizwa akashindwa kusimama wima bila kuinamisha kichwa.

Kwa plaiwudi huo muhuri hautakiwi, maana ni mbao iliyokwisha chakatwa. Kwa hiyo Keko nendeni, ila na plaiwudi na vipimo mkononi.

Vipimo vya IATA viko hivi. Mbwa asimame kawaida, mtu amshike. Pima urefu kutoka ncha ya pua mpaka shina la mkia, hiyo iite A. Pima kutoka chini mpaka kiwiko cha mguu wa mbele, B. Pima upana wa mabega, C. Pima kutoka chini mpaka juu ya kichwa, au ncha ya sikio kama masikio yanasimama, D. Urefu wa ndani wa kizimba ni A na nusu ya B. Upana ni C mara mbili. Kimo ni D pamoja na unene wa tandiko. Mbwa wa pua bapa, ongeza asilimia 10 kila upande.

Mbwa wa kati wa kienyeji, kwa sentimita: A 75, B 30, C 22, D 62. Ndani unapata 90 kwa 44, kimo 66 hivi. Ukiweka unene wa plaiwudi, fremu na miguu, nje inafika 96 kwa 50 kwa 74. Sasa sikiliza pesa inavyohesabiwa. Ndege haiangalii mizani tu, inaangalia na nafasi. Zidisha hizo tatu, gawa kwa 6,000, unapata kilo 59.2. Mbwa ana kilo 24, kizimba 14, jumla 38, lakini utalipia 59.5 (wanapandisha hadi nusu kilo inayofuata), na wanyama hai mara nyingi wanatozwa kiwango cha juu kuliko mzigo wa kawaida. Ndiyo maana fundi akikuongezea sentimita kumi kila upande "ajiachie", amekuongezea na bili.

Vyombo vya maji na chakula vifungwe ndani ya mlango, ila viweze kujazwa kutoka nje bila kufungua. Sakafu isivuje. Stika ya wanyama hai, herufi zisizopungua sentimita 2.5, na mishale ya kuonyesha juu. Mlango chuma, usiwe wa plastiki.

Na kizimba kiingie nyumbani wiki nyingi kabla. Kiweke sebuleni mlango wazi, mtie chakula humo, kanga yako ya kuvaa ilaze chini. Wale waliokula ndani ya kizimba mwezi mzima nikiwapokea wanaingia wenyewe na kugeuka kunitazama. Wale waliokiona siku hiyo hiyo tunawasukuma watu watatu huku mwenye mbwa analia pembeni.

Binti Tabata

Kaka umenifungua macho. Swali la mwisho: kuna mtu kaniandikia pembeni anasema ana kadi ya chanjo yenye tarehe za nyuma, stika halali kabisa, niwahi Mei. Anataka nusu ya pesa kwanza.

Dokta wa Wanyonge

Mwache. Karatasi itadanganya, seramu haidanganyi: paka asiye na kinga atasoma chini ya 0.5 na pesa yako imekwenda. Akisoma juu kwa bahati, cheti cha serikali kitakuwa kimejengwa juu ya tarehe ya uongo, na ukigundulika huko wanaweza kumrudisha, kumweka karantini kwa gharama yako, au kumuua. Njoo Jumamosi na paka kwenye mfuko wa zipu, tuweke chipu na chanjo siku moja.

Binti Tabata

Nakuja dokta. Saa tatu asubuhi?

Dokta wa Wanyonge

Saa mbili, kabla foleni ya kuku haijaanza.

Mtoto wa Mjini 3

Mpakuzi, nitumie namba ya huyo fundi wa Keko pembeni. Sio wa maua.

Mpakuzi wa Kipawa

Nimekutumia. Mwambie boliti na nati, misumari hapana, na asipige vanishi ndani. Akimaliza nipigie picha pande zote nne kabla hujamlipa chenji yake ya mwisho.